Waliovuka na Wasiovuka: Historia ya Viroboto wa Panya Lamu

Kati ya Mokowe na mji wa Lamu pana maji ambayo boti ya injini huyavuka kabla abiria hajamaliza kuulizana hali na aliyeketi ubavuni mwake. Kwa kiroboto, maji hayo ni mpaka mkali kuliko mpaka wowote uliowahi kuchorwa na serikali. Kiroboto hana mbawa. Kuruka kwake kunakosifiwa ni kwa kumtoa sakafuni hadi kifundo cha mguu, basi. Asipopata wa kumbeba, maisha yake yote huishia hatua chache tu kutoka kwenye takataka za shimo alimoanguliwa. Kwa hiyo kila kiroboto aliyeko Lamu, Manda, Pate, Ndau au Kiwayu, ama alikuwepo na mwenyeji wake tangu zamani, ama aliletwa. Na wengi wa viroboto wa panya wa mjini waliletwa, kwa tanga na kwa upepo wa kaskazi.

Tuanze na mwenyeji mwenyewe. Panya mweusi, ambaye wataalamu humwita Rattus rattus, ndiye panya wa dari, mpandaji hodari wa kamba, mlingoti na boriti. Asili yake ni Asia ya Kusini. Waakiolojia waliochimba Unguja Ukuu, kusini mwa kisiwa cha Unguja, wamepata mifupa yake pamoja na ya kuku katika tabaka za zama ambazo biashara ya Bahari ya Hindi ilikuwa inachanua, yapata karne ya 7 na ya 8. Ni zama hizohizo ambapo Shanga, kwenye kisiwa cha Pate, ilikuwa inaanza kama kijiji cha nyumba za miti na udongo kabla ya kujengewa msikiti wa mawe. Mark Horton aliichimba Shanga katika miaka ya 1980, na Neville Chittick alikuwa ameichimba Manda kabla yake. Vigae vilivyotoka ardhini vinaonyesha wazi kwamba vyombo vya Ghuba vilikuwa vikitia nanga hapa zaidi ya miaka elfu moja iliyopita. Chombo kinacholeta mitungi ya Uajemi hakimwachi panya nyuma.

Wala safari haikuwa ya upande mmoja. Visiwa vya Lamu viliuza mikoko: fito, pau, mazio, boriti, nguzo, zikihesabiwa kwa korja, yaani ishirini ishirini, na kupakiwa kwenye majahazi ya Oman, Kuwait na Uajemi ambako miti ya kuezekea nyumba ni adimu. Nyumba nyingi za zamani za Ghuba zina dari zenye upana wa boriti ya Lamu, maana chumba hakiwezi kuzidi urefu wa mti unaokibebea paa. Biashara hiyo ilidumu hadi serikali ya Kenya ilipopiga marufuku usafirishaji wa mikoko nje ya nchi mwaka 1982. Kwa karne nyingi, basi, milundo ya boriti ilikaa ufukweni ikingoja msimu, na vyombo vilivyoletwa na kaskazi vikiwa na tende, mchele na samaki wa chumvi vikakaa miezi vikingoja kusi vipate kurudi. Panya alikuwa na muda wa kutosha wa kushuka, kuzaa, na kupanda tena.

Na kiroboto? Hapa inafaa kuelewa jambo moja ambalo watu wengi hulikosea. Tunamfikiria kiroboto kama mkazi wa manyoya. Kwa kweli ni mkazi wa tundu. Jike hunywa damu juu ya panya, lakini mayai yake ni laini na hayashiki. Huanguka kwenye tundu. Humo huanguliwa viluwiluwi vyeupe mfano wa funza wembamba, visivyo na macho wala miguu, ambavyo havinyonyi damu ya mtu yeyote. Hula vumbi la tundu: magamba ya ngozi, makombo, na hasa vinyesi vya wakubwa wao, ambavyo ni damu iliyokauka. Kisha hujifumia kifuko cha hariri kilichojaa mchanga na vumbi, na kungoja mtetemo wa mwenyeji akipita. Tundu likiwa kavu mno, kiluwiluwi hunyauka. Likiwa na maji, huozea humo. Kwa hiyo swali la kiroboto gani anaishi wapi haliishii kwenye swali la panya gani anaishi wapi. Linafika hadi unyevu wa shimo, aina ya udongo, makuti ya paa na magunia ya stoo. Panya wa spishi ileile akiishi darini ana viroboto wengine, akiishi ardhini ana wengine.

Kiroboto aliyejaliwa zaidi kwa safari za baharini ni yule ambaye kiluwiluwi wake anaweza kukulia kwenye vumbi la nafaka. Gunia la mchele linalokaa wiki kadhaa katika ngama ya jahazi, pamoja na mavi ya panya na unyevu wa bahari, ni makao mazuri kupita mashimo mengi ya nyikani. Kiroboto wa namna hiyo anaweza hata kusafiri bila panya, akiwa kifukoni mwake katikati ya nyuzi za gunia, na kuamkia ghala la pwani nyingine.

Hakuna aliyejisumbua kumpa jina hadi alipoanza kuua watu kwa maelfu. Mwaka 1894 Alexandre Yersin aligundua bakteria wa tauni Hong Kong. Mwaka 1896 tauni ikaingia Bombay, mji ambao majahazi na meli za mwambao wetu ziliujua kama mlango wa jirani. Serikali za Zanzibar na za Afrika Mashariki zikaanza kuziweka karantini meli zitokazo India, na kisiwa cha Changuu mbele ya mji wa Unguja kikawa mahali pa kuwazuilia abiria. Watu walichunguzwa, mizigo ikafukizwa moshi, nguo zikachemshwa. Panya walishuka kwa kamba usiku kama kawaida yao.

Mwaka 1898, Karachi, daktari Mfaransa Paul-Louis Simond alimweka panya mgonjwa mwenye viroboto kwenye chombo kimoja na panya mzima aliyetengwa naye kwa wavu. Hawakugusana. Viroboto wakavuka wavu, na yule mzima akafa kwa tauni. Simond aliandika kwamba siku ile alihisi ameifichua siri iliyomtesa binadamu tangu tauni ilipoingia duniani, lakini wenzake walimcheka. Ilichukua miaka kadhaa, na kazi ya Glen Liston na Tume ya Tauni ya India kule Bombay, hadi dunia ikubali. Mara baada ya kukubali, swali likageuka: kiroboto yupi?

Jibu lilikuwa limekwisha kuwekwa kwenye chupa, na mtu asiyetafuta tauni kabisa. Charles Rothschild alikuwa mtoto wa familia ya mabenki ya London, mtu wa ofisini mchana na wa viroboto jioni. Alisafiri hadi Shendi, kando ya Nili nchini Sudan, akanasa panya na wanyama wengine wadogo, akawakung'uta viroboto wao. Mwaka 1903 alichapisha maelezo ya spishi mpya kutoka Misri na Sudan, akazipa baadhi yake majina ya wakubwa wa kale wa Misri. Mmoja wao aliitwa kwa jina la Cheops, farao wa piramidi kubwa: leo ni Xenopsylla cheopis. Ndiye msambazaji mkuu wa tauni duniani, na ndiye aliyekuwa akipanda na kushuka majahazi ya Lamu bila jina kwa muda ambao hakuna awezaye kuuhesabu. Katika chapisho hilohilo alimtaja nubica, kiroboto wa panya wa nchi kavu, ambaye tutamkuta tena ng'ambo ya Mokowe.

Mkusanyo wa Rothschild, uliotunzwa Tring karibu na London na kutolewa kwa Jumba la Makumbusho la Uingereza mwaka 1913, ukawa mahakama kuu ya viroboto duniani. Karl Jordan, Mjerumani mwenye subira ya ajabu aliyeishi hadi miaka 97, aliketi na darubini yake pale Tring akipokea vichupa kutoka kila koloni. Mwaka 1925 alieleza spishi kadhaa za viroboto wa Afrika zikiwemo humilis, debilis na difficilis. Mwaka 1938 akamwongeza bantorum. Rothschild mwenyewe alikufa mwaka 1923, na binti yake Miriam akaendeleza kazi. Pamoja na G.H.E. Hopkins, aliyekuwa mtaalamu wa wadudu wa serikali Uganda na kuwafahamu panya wa vibanda vya Uganda kama mchungaji anavyowafahamu mbuzi wake, walianza mwaka 1953 kutoa katalogi ya mkusanyo huo, juzuu baada ya juzuu, kazi ya miaka mingi. Mtu yeyote anayetaka kumtambua kiroboto wa Afrika Mashariki bado huzirudia kurasa hizo. Waliowanasa panya wenyewe, vijana waliolipwa kwa mkia mmoja mmoja katika kampeni za kuua panya, hawamo humo.

Kazi yenyewe ya kumtambua kiroboto haifanani na vile wengi wanavyodhani. Mtego wa bati huwekwa magharibi na kukaguliwa alfajiri kabla jua halijampika aliyemo. Panya hutiwa kwenye mfuko mweupe wa kitambaa pamoja na pamba yenye dawa ya usingizi, na viroboto hulegea pamoja naye. Kisha hupigwa mswaki juu ya beseni jeupe, kutoka mkiani kuelekea kichwani, kinyume cha manyoya, na vile vitone vya kahawia vikianguka huokotwa kwa brashi iliyolowa na kutumbukizwa kwenye kichupa cha spiriti. Ndani ya kila kichupa huwekwa karatasi iliyoandikwa kwa penseli, kwa sababu wino huyeyuka. Mahali, tarehe, panya gani, jinsia gani. Kichupa bila karatasi hiyo hakina thamani hata awe kiroboto wa dhahabu.

Maabarani kiroboto hulazwa usiku mzima katika potasi kali hadi nyama yote iyeyuke na kubaki ganda la rangi ya asali. Hupitishwa kwenye spiriti ya nguvu inayozidi hatua kwa hatua, kisha hulazwa ubavu juu ya kioo ndani ya utomvu wa mti wa Kanada. Ubavu, kwa sababu kiroboto ni bapa kama samaki, na alama zake zote zimechorwa mbavuni. Hapo ndipo maswali huanza. Ana kitana cha miiba myeusi shavuni au shingoni? Jamii nyingi za porini, kama Ctenophthalmus na Dinopsyllus, wana vitana. Xenopsylla hana hata kimoja. Ni mtu mwenye kichwa kisicho na pambo, na ndiyo maana wasiojua humchanganya na kiroboto wa binadamu, Pulex irritans. Wawili hao hutenganishwa na ufito mmoja mweusi uliosimama wima katika sehemu ya kati ya kifua: Xenopsylla anao, Pulex hana. Unywele wa jichoni nao husaidia, kwani kwa cheopis umeota mbele ya jicho na kwa irritans chini yake. Lakini kumtenga Xenopsylla mmoja na mwenzake ni lazima uingie ndani zaidi, kwenye kifuko ambamo jike huhifadhi mbegu za dume, na upime uwiano wa kichwa cha kifuko na mkia wake. Kwa dume ni vyombo vya uzazi, vilivyokunjamana kama kufuli la Kizungu. Historia ya tauni katika bandari nzima imewahi kusimama juu ya umbo la kifuko kisichoonekana kwa jicho.

Sisemi hivyo kwa kutia chumvi. Katika India na Ceylon wataalamu walisumbuka kwa muda mrefu kueleza kwa nini tauni iliwaka Bombay na ikafifia Madras na Colombo, miji yenye panya tele na bandari zenye shughuli. L. Fabian Hirst, daktari wa manispaa ya Colombo, alikwenda kuwatazama viroboto upya na akakuta kwamba wengi waliokuwa wakihesabiwa kama cheopis walikuwa Xenopsylla astia, spishi ambayo Rothschild alikuwa ameieleza mwaka 1911. Astia ni mbebaji dhaifu wa tauni. Ni kiroboto wa pwani zenye joto, na amewahi kuonekana katika bandari za mwambao wa Afrika Mashariki pia. Naye alikuja kwa chombo. Hakuna njia nyingine.

Wa tatu katika familia hiyo ana jina la kupotosha. Carl Baker alimweleza mwaka 1904 kutokana na vielelezo vya Brazil, hivyo akaitwa brasiliensis, na jina likaganda. Ni Mwafrika. Alivushwa Atlantiki kama alivyovushwa cheopis Bahari ya Hindi, na huku nyumbani ndiye kiroboto wa nyumba za nyasi na udongo katika nchi za juu za Kenya na Uganda. Hopkins alionyesha jinsi wawili hao wanavyogawana nyumba: brasiliensis katika paa la nyasi na hewa ya baridi, cheopis katika ghala, duka na jengo la matofali. Alionyesha pia kwamba cheopis alikuwa akisonga mbele Uganda kufuata barabara, reli na mabati, na brasiliensis akirudi nyuma. Kiroboto wa mjini alikuwa akipanda bara kituo kwa kituo.

Reli ilikuwa imeishika njia hiyo mapema. Ilifika Kisumu mwishoni mwa 1901, na mwaka uliofuata tauni ikazuka katika bazaar ya Nairobi. Wakubwa wakaamuru bazaar ichomwe moto, wenye maduka wakiangalia. Tauni nyingine, ya zamani zaidi, ilikuwa tayari imejificha bara. Robert Koch, akitumia vielelezo alivyoletewa na daktari Zupitza kutoka Kiziba, magharibi mwa ziwa Viktoria, alithibitisha mwaka 1898 kwamba ugonjwa ambao wenyeji walikuwa wakiufahamu tangu zamani ulikuwa tauni. Uchunguzi wa vinasaba uliofanywa karne hii unaweka bakteria wa Uganda, Kongo na Kenya kwenye tawi la zamani kuliko lile lililotoka Hong Kong na meli za mvuke.

Sasa tuitazame Lamu. Bandari, panya wa dari, cheopis, vyombo vya Bombay na Karachi vikiingia kila msimu: viungo vyote vya janga vilikuwapo. Hata hivyo vituo vya tauni vilivyodumu Kenya vilikuwa bara, Nairobi, Rongai na Nakuru, Nyeri, Taveta, na visiwa hivi havikuwa miongoni mwao. Wako watakaosema ni paka. Paka wa Lamu ni mashuhuri hata watalii huwapiga picha kuliko wanavyoupiga msikiti, na hadithi ya kwamba ni wajukuu wa paka wa mafarao husimuliwa kila gatini. Ingependeza kama wangeletwa kumwinda kiroboto aliyepewa jina la farao. Siamini. Paka hupunguza panya wa barazani, hamfikii wa darini kati ya boriti na chokaa, na panya akiuawa viroboto wake hutafuta mwingine kabla mwili haujapoa.

Jibu bora liko kwenye joto. Kiroboto aliyekunywa damu yenye tauni huota tonge la bakteria kwenye mlango wa tumbo lake, kama Bacot na Martin walivyoonyesha mwaka 1914. Damu mpya haiingii. Ana njaa, anauma na kuuma tena, na kila akijaribu kunyonya huirudisha ile damu pamoja na bakteria kwenye jeraha. Tonge hilo ndilo linalomfanya mwuaji. Dan Cavanaugh alionyesha mwaka 1971 kwamba joto likizidi nyuzi 27 au 28, tonge halishiki vizuri. Linayeyuka na kiroboto anajisafisha. Wastani wa joto la Lamu hukaa karibu na mstari huo mwaka mzima, na miezi ya kaskazi huuvuka. Ongeza kwamba sehemu ya viroboto wa bandari za joto ni astia, na utaelewa jinsi tauni inavyoweza kushuka pwani na isipate pa kujikita.

Madagaska inatoa ushahidi mzuri kuliko hoja zangu. Tauni iliingia bandari ya Toamasina mwaka 1898, ikapiga miji ya pwani kwa vipindi, kisha mwaka 1921 ikafika Antananarivo kwa reli. Baada ya hapo ikaiacha pwani na kubaki nyanda za juu, zaidi ya mita 800, hadi leo. Huko juu ilipata msaidizi ambaye cheopis hakuja naye: Synopsyllus fonquerniei, kiroboto wa kisiwa chenyewe, anayeishi kwa panya walioko nje, mashambani, wakati cheopis anashika nyumba. Mahajanga pekee, bandari ya magharibi, iliwahi kurudiwa na tauni katika miaka ya 1990, na huko walioshukiwa ni virukanjia wa mitaroni pamoja na cheopis wao. Daraja kati ya kiroboto wa nyumba na kiroboto wa shamba ndilo linaloifanya tauni ikae.

Daraja hilo ndilo ambalo mlango wa bahari umeinyima Lamu. Ng'ambo, kuanzia Mokowe na Hindi hadi Mpeketoni, na kaskazini kuelekea Dodori na Boni, panya ni wengine kabisa. Wapo gerbili wa mchangani wenye mikia mirefu na miguu ya nyuma ya kurukia, wanaochimba mashimo kwenye udongo mwepesi. Wapo panya miiba wa mawe na vichaka, na kuchakuro wa mitini. Yupo panya shamba, Mastomys natalensis, mwenye chuchu nyingi na uzazi wa kutisha, anayefuata jembe popote msitu unapofyekwa. Kila mmoja ana tundu lake, na kila tundu lina wapangaji wake. Gerbili wa nchi kavu za Kenya hubeba nubica, humilis na wenzao wa kundi hilo, waliozoea shimo refu ambalo ndani yake kuna unyevu hata juu ya ardhi kukikauka. Panya miiba wana jenasi yao ya viroboto, Parapulex, ambao hawapendi sana kuhama. Panya wa nyasi na wa shamba hubeba Dinopsyllus na Ctenophthalmus wenye vitana, hasa panapokuwa na ubaridi; ndiyo maana hao hujaa nchi za juu na kupungua kadiri unavyoteremka pwani.

Panya wa dari akiingia nyumba ya bara, panya shamba humwachia na kurudi nje. Asipokuwapo, panya shamba huingia mwenyewe na kulala chini ya kitanda. Yeye ndiye anayepita kati ya pande mbili, na huvaa viroboto wa pande zote mbili. Katika milima ya Usambara, wilaya ya Lushoto, tauni iliyoanza mwaka 1980 na kuendelea kwa zaidi ya miaka 20 iliwafundisha watafiti wa Tanzania, Bukheti Kilonzo miongoni mwao, kutazama mpaka wa nyumba na shamba kabla ya kutazama kitu kingine.

Wakusanyaji wa viroboto walikwenda walikotumwa na hofu. Tauni ilifuata reli na wao wakaifuata tauni. R.B. Heisch na wenzake Grainger na D'Souza walichapisha mwaka 1953 matokeo ya uchunguzi wao wa tauni Kenya. Tom Schwan alihesabu viroboto wa panya wa nyasi katika Hifadhi ya Ziwa Nakuru katika miaka ya 1980. Nicholas Oguge na wenzake walichapisha mwaka 2009 orodha ya chawa, viroboto na kupe wa wanyama wadogo kusini-mashariki mwa Kenya, na hiyo ndiyo hatua kubwa ya kuisogeza ramani kuelekea baharini. Lamu ilipopata umaarufu wa kitabibu, mwaka 2004, ilikuwa kwa mbu: ukame uliwafanya watu wahifadhi maji majumbani, na chikungunya ikawapitia wengi wa wakazi wa mji kabla ya kuvuka kwenda Komoro na Réunion. Wataalamu walifika kwa ndege na nyavu za mbu. Mwaka 2010 kamera zilizofungwa mitini msituni Boni na Dodori zilinasa sange mkubwa ambaye hakuwa kwenye kitabu chochote. Sange si panya, na ndugu zake wa kusini mwa Afrika wana viroboto wao wenyewe. Msitu unaoweza kumficha mnyama wa ukubwa wa sungura unaweza kuficha viroboto wengi sana. Baadaye hali ya usalama ikaufunga msitu huo kwa watafiti.

Wakati huohuo mpaka wenyewe unabadilika. Makazi ya Mpeketoni yalianza katika miaka ya 1970 kwa kuwapa wakulima ardhi karibu na ziwa, na kila ekari ya mahindi iliyofyekwa ikawa ekari ya panya shamba. Kisha bandari. Kwa zaidi ya miaka elfu moja chombo kilichotoka ng'ambo kilitia nanga kisiwani, na panya aliyeshuka alijikuta amezungukwa na maji, akiwa na mji wa mawe wa kuishi na mbali na gerbili wa bara. Bandari mpya ya Lamu haiko Lamu. Iko Kililana, upande wa bara, na gati lake la kwanza lilifunguliwa tarehe 20 Mei 2021. Meli za makontena hazina panya wengi kama majahazi. Zina vyeti vya usafi chini ya Kanuni za Afya za Kimataifa za 2005, na kamba zao huvishwa sahani za bati zinazomzuia panya asipite. Sahani hizo hufanya kazi zikivishwa. Nje ya uzio wa bandari kuna vichaka, mashamba na mashimo ya mchangani, na panya wa dari akishuka pale ana mita chache tu hadi kwa jirani ambaye babu zake hawakuwahi kumwona.

Mtu mwenye mitego hamsini, beseni jeupe, brashi na penseli angeweza kuanza pale kwenye uzio leo jioni.